Kitabu cha Saba cha Salha

Bi Mwatima binti Mjaka hakumpenda Munir tangu ukurasa wa kwanza, na wala hakulificha hilo.

"Mwanamme gani huyo," alisema huku anachambua mchele kwenye ungo, "kila mara anaegemea kitu? Kaegemea mlango, kaegemea gari, kaegemea nguzo ya baraza. Hana mgongo? Endelea, mwanangu, endelea. Mie nnasikiliza tu."

Uongo mtupu. Katika miaka yake sitini na miwili Bi Mwatima hajapata kusikiliza tu. Hata hotuba ya Ijumaa, ikimfikia dirishani kutoka msikiti wa pili, alikuwa na la kuongeza.

Aliyekuwa akimsomea ni Mumtaz, binti wa Amirali muuza nyuzi na vifungo, nyumba ya tatu kutoka yake, huko Sokomuhogo. Msichana wa miaka ishirini na mbili, mwembamba, nywele kazisuka msuko mmoja unaofika kiunoni. Hukaa kwenye kizingiti cha dirisha kupata mwanga, kitabu kakivisha gazeti kama cha skuli ili jalada lake lisionekane. Jalada lenyewe Bi Mwatima aliliona mara moja tu, siku gazeti lilipochanika: msichana kichwa wazi, kifua kinataka kutoka, na nyuma yake huyo Munir, ameegemea.

Kitabu kiliitwa Moto wa Salha, na hakikuwa kimoja, vilikuwa sita. Vilipigwa chapa bara, vikavuka vimefichwa katikati ya nguo za wasafiri, vikatembea mkono kwa mkono mpaka kurasa zikalainika. Mwaka ule wa 1971, mwanamke wa mjini ambaye hakujua Salha kamfanya nini Munir katika kitabu cha nne alikuwa ama mgonjwa ama mgeni. Waliojua kusoma walisoma, wasiojua walisomewa.

Na tafadhali, Bi Mwatima hakuwa mtu asiyejua kusoma. Alikhitimu Kurani ana miaka tisa, na barua zake za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ziliandikwa kwa hati ya kumtoa mtu machozi. Lakini herufi hizi za kizungu, zinazoanzia upande usio wao, kwake zilikuwa nyayo za kunguru. Mumtaz naye alikuwa kinyume chake, za kizungu anazisoma mbio na za Kiarabu hazijui kabisa. "Sisi wawili tukiunganishwa," Bi Mwatima akisema, "anapatikana mtu mmoja aliyesoma."

"Munir akafunga mlango," Mumtaz alisoma siku hiyo. Masikio yakamwiva. Macho yake yaliteremka ukurasa mzima, yakaruka wa pili, yakatua wa tatu. "Munir akafunga mlango, na... na wakala biriani."

"Tena?"

"Tena, Bi Mwatima."

"Juzi biriani, jana biriani. Na ile siku walipozuiliwa na mvua hotelini?"

"Siku ile walikula pilau."

"Kurasa tatu za pilau!"

"Ilikuwa na nyama nyingi," Mumtaz alisema, na uso wote akautia ndani ya kitabu.

Hapo ndipo mtu angetamani kucheka mpaka mbavu zimuume, kwa sababu mtoto wa watu alikuwa anamfichia nani? Bi Mwatima alikuwa somo. Ndiye aliyekuwa akiwekwa ndani na mwari siku saba kabla ya harusi, amfundishe kujisinga, kujifukiza, na yote yanayofuata mlango ukishafungwa. Nusu ya akina mama wa mtaa ule walipita mikononi mwake. Mambo ambayo yule mwandishi wa bara aliyaandika kwa kurasa tatu na jasho likamtoka, Bi Mwatima aliyasema kwa maneno manne, tena kwa usahihi zaidi. Alijua tangu biriani ya kwanza. Lakini haya ya yule msichana ilimpendeza, basi akaiachia, na maoni yake akayatoa kwa njia hiyo hiyo.

"Huyo Munir anakula kwa pupa," alisema. "Hamkaribishi mwenzake. Kavamia sinia kama hajapata kuona chakula. Na Salha naye kimya! Somo wake yuko wapi? Kitabu kizima sijamsikia somo, sijamsikia shangazi, sijamsikia hata jirani. Msichana kaachwa peke yake na njaa ya mwanamme, halafu tunaambiwa haya ndiyo mapenzi. Mwandishi huyu hajaoa, nakwambia."

"Bi Mwatima!"

"Nimesema nini mie? Nnazungumza chakula."

Wakacheka wote wawili, mchele ukamwagika, wakauokota pamoja wakitambaa sakafuni.

Saa ile moja, baina ya sala ya alasiri na jua kuanza kulegea, ndiyo iliyokuwa siku nzima ya Bi Mwatima. Zilizobaki zilikuwa za kuzipitisha tu. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitano, akilala kimoja. Mume alikufa zamani. Mwanawe mmoja tu, Hamad, aliondoka mwaka wa sitini na nne, mwezi wa pili, asubuhi, na ngazi hakuzipanda kuja kumuaga mama yake. Barua ilikuja baada ya miezi minane, kutoka Maskati: amefika salama, amsamehe, hakukuwa na njia. Mama hakusamehe. Barua za Hamad alizijibu kwa mistari minne, miwili ya salamu na miwili ya hali ya hewa. Na kazi yake nayo ilikufa polepole. Harusi zilikuwa ndogo siku hizo, za haraka haraka, na wale waliokuwa wakimwita walihama mmoja mmoja. Wiki ikipita asisikie jina lake likitamkwa na mtu, alikuwa akijiita mwenyewe ili alisikie, na akijiitikia: "Naam." Hilo hakumwambia mtu yeyote.

Mumtaz alikuja kwanza kwa ajili ya sahani. Jenabai, mama yake, alimpelekea Bi Mwatima kachori siku ya Idi, na Bi Mwatima, kama ilivyo desturi, hakuirudisha sahani tupu, akaitia vileja. Jenabai naye hakukubali kushindwa, ikarudi na chevda, mchanganyiko wa dengu na karanga. Basi sahani mbili zikawa zinapishana mtaani mwaka mzima, ya Jenabai ya bati na ya Bi Mwatima ya kaure, ya buluu, yenye ua katikati na ukingo uliomeguka. Mbebaji alikuwa Mumtaz. Siku moja alipanda ngazi na sahani mkono mmoja, kitabu kwapani, na Bi Mwatima akauliza, "Hicho nini?" Mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu siku hiyo.

Sasa, Bi Mwatima alikuwa na njama. Kila Jumatatu na Jumatano asubuhi alivaa buibui, akauambia mtaa anakwenda Mpendae kumtazama shoga yake mgonjwa, akavuka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na kuingia darasa la watu wazima. Shoga yake alikuwa mzima wa afya na wala hajui kama anaumwa. Mwalimu Simai, bwana mpole mwenye kikohozi, aliwaandikia ubaoni ba be bi bo bu, na Bi Mwatima, aliyekuwa akiwasahihisha watu Kurani, alikaa nyuma pamoja na wauza samaki na kufuata kwa kidole. Aibu aliimeza. Alikuwa na lengo lake. Siku moja, Mumtaz akifika kwenye biriani, atamwambia, "Hebu nipe hicho kitabu," na atausoma ukurasa wenyewe, neno kwa neno, kwa sauti. Alikuwa akiwaza uso wa Mumtaz utakavyokuwa, anacheka peke yake njia nzima ya kurudi.

Lakini herufi zilikuwa nzito na vitabu vilikuwa vyepesi. Kabla hajafika kwenye sha na nya, kitabu cha sita kikaisha.

"Wakaishi kwa raha," Mumtaz alisoma, akakifunga. "Basi, Bi Mwatima."

"Basi nini?"

"Ndiyo mwisho. Hakuna kingine."

Bi Mwatima aliuweka ungo chini. "Haiwezekani. Yule dada yake Munir je, mwenye wivu? Na ile barua iliyoungua? Mtu hawezi kuwasha moto vyumba sita akaondoka zake." Alisema kwa ukali, lakini sauti ilimsaliti. Haikuwa barua wala dada. Alikuwa anaiona alasiri ya kesho, dirisha tupu, na mchele usio na wa kuuchambua naye.

Mumtaz alimtazama muda mrefu. Macho ya msichana yalikuwa na jambo siku zile, mekundu kidogo, kama ya mtu asiyelala. "Nnasikia kuna cha saba," alisema taratibu. "Kimetoka karibuni. Ntakitafuta."

Siku tatu baadaye alikuja nacho, kimevishwa gazeti, chembamba kuliko vyenzake, na doa la wino kwenye pembe.

Tangu mwanzo Bi Mwatima alikiona kibaya. Mumtaz alikisoma polepole, anakwama, anarudi nyuma, pengine anakaa kwenye ukurasa mmoja robo saa nzima. Munir hakuwemo, kapelekwa safari. Biriani hakuna. Badala yake Salha alikuwa amekaa nyumbani kwa wazee wake, anaangalia vitu: mlango, mfereji wa maji, paka wa mtaani mwenye sikio moja. Halafu, pasipo taarifa yoyote, akatokea bi kizee.

"Bi kizee gani?"

"Jirani yake. Anakaa peke yake ghorofani. Ana maneno mengi, kila kitu ana la kusema, mkali kidogo. Lakini Salha anampenda. Akiwa kwake ndipo anapocheka."

"Ametokea wapi huyo? Vitabu sita hakuwemo!"

"Alikuwemo, Bi Mwatima. Hakuandikwa tu."

"Ala! Mwandishi kachoka, nakwambia. Kaishiwa na mambo, anatuletea vizee. Na ana kelele kweli huyo bibi. Mtu wa namna hiyo ningekuwa jirani yake ningehama."

Mumtaz alicheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio, na Bi Mwatima akaridhika kwamba leo kasema jambo la maana. Jamani, mtu aliyejisifu kuwa anasikia hata kisichosomwa!

Siku ya nne, Alkhamisi, Mumtaz alisoma amesimama. Alisoma kwamba baba yake Salha amepata njia ya kuondoka mjini, yeye na mkewe na mwanawe. Safari yenyewe ilikuwa haisemwi. Baba alimwapisha: usimwambie mtu, hata yule bibi yako, ukisema tumekwisha.

Hilo halikuhitaji kuelezwa. Wakati ule watu walikuwa wanaondoka na hawasemi. Leo unamkuta mtu dukani anakupimia utepe, kesho kufuli. Na mwenye binti wa kuolewa alikaza mdomo zaidi ya wenziwe, kwa sababu ambazo kila mtu alizijua, za mabinti kuozwa kwa amri, na hakuna aliyezitamka.

"Basi siku ya mwisho," Mumtaz alisoma, "Salha alikwenda kwa yule bibi kama kawaida. Alitaka kumwambia. Maneno yalimfika kooni yakarudi. Akaondoka bila ya kuaga. Na sahani ya yule bibi, iliyokuwa kwao, hakuirudisha. Aliifunga ndani ya nguo zake, akaenda nayo."

"Mwizi!" Bi Mwatima aliruka. "Hana adabu, na mwizi pia! Kaondoka na sahani ya watu?"

"Hakuiba, Bi Mwatima. Alitaka abaki na..."

"Aliiba! Na hiyo sahani ndogo. Kubwa ni kule kuondoka. Bibi wa watu kakaa ghorofani anamngoja, kesho anamngoja, kesho kutwa anamngoja. Anamtandikia mkeka. Anajua kama huyo amekufa au mzima?" Sauti ilikuwa imeshampanda, na haikuwa tena kwa ajili ya Salha. Mbele ya macho yake zilikuwa ngazi, asubuhi ya mwezi wa pili, na viatu vya Hamad ambavyo hakuvisikia vikipanda. "Anayeondoka bila ya kuaga hakumpenda aliyemwacha. Hilo halina tafsiri mbili."

"Na kama hana njia?" Mumtaz aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Kama kuaga kutawaponza wazee wake?"

"Njia ipo! Mtu mwenye mapenzi haikosi njia. Anakonyeza, anaacha alama, anasema lolote. Mie ningekuwa bibi huyo, ningemwombea Mungu amfikishe salama, kisha asikanyage tena mlangoni pangu maisha. Kitupe hicho kitabu. Hiki kibaya kuliko vyote. Sitaki kumsikia tena huyo Salha."

Mumtaz alikifunga kitabu. Hakukitia kwapani kama siku zote, alikiweka juu ya mto wa kuegemea pale dirishani, polepole. Halafu akauinamia mkono wa Bi Mwatima akaubusu. Kila siku aliubusu wakati wa kuja. Siku ile aliubusu wakati wa kuondoka.

"Nakuachia," alisema. "Pengine siku moja utakisoma."

"Nikisome na nini, mie kipofu wa hizo herufi?" Bi Mwatima alijibu, bado ana hasira, na moyoni akajipongeza kwa siri yake. "Kesho tafuta kingine. Au turudie cha kwanza."

"Inshallah," alisema Mumtaz, na akateremka ngazi.

Kesho yake hakuja. Bi Mwatima alitandika mkeka, akautandua magharibi. Jumamosi alichungulia dirishani mpaka shingo ikamuuma. Jumapili Bi Biasha, jirani wa chini, mtu wa kujua mambo, alipanda na habari: kwa Amirali kuna kufuli, nguo zimeachwa kambani, hata birika liko jikoni. Wamekwenda. Kwa njia gani hakuna ajuaye, na anayejua hasemi.

"Hawakukuaga?" Bi Biasha aliuliza. "Yule mtoto si alikuwa wako?"

"Hakuwa wangu," Bi Mwatima alisema. "Mtu na kwao."

Aliumia vibaya sana. Mwaka mzima! Hamad alikuwa mwanamme, kijana, kuna vurugu, tuseme alichanganyikiwa. Lakini huyu alikuwa pale pale dirishani siku ile ile, akasoma habari ya mwenziwe asiyeaga, akasikia maoni yake yote, na bado akaondoka vile vile. Hana haya wala hajui vibaya. Bi Mwatima alimsema kwa Biasha, akamsema kwa muuza mboga, na alipokosa wa kumsemea akamsema kwa kuta. Kitabu alikisukuma kwa ncha ya kidole mpaka nyuma ya mto wa dirisha, asikione. Darasani aliendelea kwenda kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Njama ilikwisha, herufi zikabaki.

Wiki ya saba hivi tangu Mumtaz aondoke, Mwalimu Simai aliwaambia kila mtu asome nyumbani kitu chochote chenye chapa. Sanduku la sabuni, gazeti, lolote. Bi Mwatima alitazama nyumba nzima, na chapa pekee iliyokuwemo ilikuwa nyuma ya ule mto. Akakitoa. Hata kama ni kibaya, alijiambia, kitanisaidia kazi. Alikaa kwenye mkeka, akavaa miwani, akalichana lile gazeti.

Juu ya jalada hakukuwa na msichana kichwa wazi. Hakukuwa na Munir. Palikuwa na jogoo.

Akaweka kidole. Tu. Fu. Ge. Akapumua. Ku. Ku.

Tufuge kuku.

"Astaghfirullah," alisema. Alidhani anakosea, kuna herufi imemzidi ujanja. Akarudia. Tu-fu-ge ku-ku. Akafungua ndani: picha ya banda, picha ya kuku mgonjwa kainamisha kichwa, picha ya bibi anamwaga pumba. Akasema pengine Mumtaz aliacha kingine kwa kukosea. Lakini doa la wino lilikuwa pale pale pembeni mwa lile gazeti alilolichana. Ndicho hicho alichokitazama siku nne mikononi mwa yule msichana.

Hakutaka kuamini. Siku mbili alikipekua kitabu chote, kurasa thelathini na mbili, kidole chini ya kila neno, anamtafuta Salha. Alikuta samadi. Alikuta sabuni, sakafu, saruji. Salha hakuwemo. Hakuwemo baba yake wala safari yake. Hakuwemo bi kizee mwenye maneno mengi.

Ndipo akamwona. Aliketi pale sakafuni na kijitabu cha kuku mapajani, akamwona yule bibi anayekaa peke yake ghorofani, mkali, kila kitu ana la kusema. Ambaye Salha anampenda. Ambaye kwake ndiko anakocheka. Akakumbuka ni nani aliyesema angekuwa jirani yake angehama.

Aliinuka akaenda kabatini. Sahani za kaure zilikuwa sita. Alizihesabu kwa kuzigusa: tano. Ya buluu, ya ukingo uliomeguka, alimpa Mumtaz aipeleke kwa Jenabai na visheti Jumanne ya wiki ile ile, na kwa hasira zake hakupata kuikumbuka tena.

Mtoto aliaga. Siku nne mfululizo aliaga, kwa njia pekee aliyoachiwa, na kila akisema neno yeye anamkata. Aliomba radhi, akaambiwa mwizi. Aliuliza kama kuna njia, akaambiwa ipo, na wakati anaambiwa alikuwa amesimama ndani ya njia yenyewe. Na maneno aliyosafiri nayo, ya mwisho kuyasikia kutoka ghorofa ile, ni kwamba asikanyage tena mlango huu maisha. Bi Mwatima alilia. Alilia kwa sauti, peke yake, kilio cha mtu aliyefiwa, na hakujali kama Biasha atasikia.

Alitaka kumwandikia. Herufi sasa alikuwa nazo, mbovu mbovu, lakini zile zile anazozijua Mumtaz. Angeandika: Salha hana makosa. Maneno matatu, angeyaweza. Lakini barua inataka mahali pa kwenda, na hakuna aliyejua wako wapi, kama ni Karachi, kama ni London, kama ni Mombasa tu hapo. Aliyaandika hata hivyo, kwa penseli, ndani ya jalada la kijitabu, chini ya miguu ya jogoo. Ilimchukua muda mrefu kuliko barua yoyote ya maisha yake. Na Hamad je? Alilifikiria hilo, akaliweka kando. Hilo bado lilikuwa zito, halikutaka kunyanyuka siku ile.

Alipomaliza kusali alasiri hakukaa kwenye mkeka. Alikwenda kwenye kizingiti cha dirisha, pahala pa Mumtaz, penye mwanga. Akakifungua kitabu cha saba kwenye ukurasa wa banda. Mkeka mbele yake ulikuwa mtupu, na ungo wa mchele juu yake. Akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti.

"Siku ya mwisho Salha alikwenda kwa yule bibi kama kawaida," alisoma. "Na yule bibi, ingawa ana kelele, siku ile alifunga mdomo wake. Alimtazama mtoto usoni akaelewa. Hakumuuliza kitu. Akamwambia: Nenda, mwanangu, Mungu akufikishe. Mlango huu ni wako. Na sahani kaa nayo. Siku utakayoirudisha, usije ukairudisha tupu."

Akageuza ukurasa, wa chakula cha vifaranga. Akanyamaza kidogo, kumpa msikilizaji nafasi ya kutoa maoni yake. Hakuna aliyesema kitu, akaendelea kusoma.